Ushauri: kipindi cha redio kuhusu historia ya ubingwa wa rali Afrika, nianzie wapi?

Mtangazaji_Mkoani:
Wakuu, salaam. Natangaza michezo kwenye redio moja ya huku mkoani. Jumamosi nimepewa dakika ishirini za historia ya ubingwa wa Afrika wa mbio za magari, ARC. Mpira naumudu, huku kwenye vumbi mimi mgeni. Nimeandika kurasa kadhaa na zote zimejaa Safari Rally: kuanzishwa 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, magari yanakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, halafu Joginder Singh kuishinda na Volvo yake 1965. Stori tamu, roho inaniuma kuitupa. Ila nikisoma naona nimejibu swali ambalo sikuulizwa. Niache hivyo au nibomoe?

KonaKali:
Bomoa mkuu. Safari ni shindano moja. ARC ni msimu mzima: raundi nchi tofauti, pointi zinajumlishwa, mwisho wa mwaka anapatikana bingwa. Ilianza 1981, na kuanzia 1973 hadi 2002 Safari yenyewe ilikuwa kwenye kalenda ya dunia. Ukianzia kwa Malkia, muda utakuishia hujafika kwenye mada.

Binti_Nakuru:
Pole pole, ndugu. Bingwa wa kwanza wa ARC, hiyo 1981, ni nani? Shekhar Mehta wetu. Mwaka huohuo akashinda Safari na Datsun, mara ya tatu mfululizo, na 1982 akaongeza ya nne. Ukijumlisha ile ya 1973 zinakuwa 5. Mzaliwa wa Uganda, familia ikamkimbia Amin ikaja Kenya. Fungua kipindi na huyo, Safari itajileta yenyewe.

Na usiruke 2003. Safari ilipoondolewa kwenye mashindano ya dunia ikaangukia ARC, ikakaa huko hadi iliporudi kwa wakubwa 2021. Watu huiita miaka ya njaa. Mimi nabisha! Ndiyo miaka tuliyosimama kando ya barabara tukashangilia madereva wetu wakichukua kombe, Carl Tundo akiwemo.

Dereva_wa_Tunduma:
Kenya, Kenya, Kenya. Mimi napeleka mzigo Lusaka, na kule ukitaja ARC wanakutajia Satwant Singh. Mzambia yule alilibeba taji hilo mpaka ikawa kama mali ya nyumbani kwake, na hakuna aliyemfikia kwa idadi. Zimbabwe nao wakaja na Conrad Rautenbach, bingwa wa 2007. Juzi tu, 2022, Leroy Gomes akalirudisha Zambia. Kipindi kisichomtaja Satwant hata dakika mbili mimi nazima redio.

KonaKali:
Sahihi. Na Magharibi pia msiifute. Ivory Coast walikuwa na rali ya Bandama, ambayo mwaka 1972 hakuna gari hata moja lililomaliza. Baadaye ikawa raundi ya dunia, 1978 hadi 1992. Siku hizi ukiangalia kalenda ya ARC, uzito umehamia Mashariki na Kusini.

Mtangazaji_Mkoani:
Hiyo ya 1972 nimeipenda, japo ni kabla ya ARC. Sasa mnisaidie hapa: kwa nini miaka ya karibuni, ukimtoa Gomes, majina ni ya Kenya karibu yote? Manvir Baryan 2017, 2018, 2019. Tundo 2021. Karan Patel 2023 na 2024. Ni vipaji au pesa?

Fundi_Spana:
Vyote, ila anza na pesa. Baryan alikuwa na Skoda Fabia ya daraja la R5, gari linalotoka kiwandani tayari kwa rali. Anayemfukuza na Subaru au Mitsubishi ya zamani anaachwa kila kona, hata akiwa na mguu mzito. Halafu ubingwa unataka kuvusha gari, matairi, mafundi na msoma ramani mipaka kadhaa kwa mwaka. Ndiyo maana kuna madereva wakali wa Kibongo unawaona raundi ya nyumbani tu. Hewani useme hivyo wazi, usiwapambe wasikilizaji.

Binti_Nakuru:
Hapo kwa msoma ramani umenikumbusha: wataje na wao. Patel hakushinda peke yake, Tauseef Khan alikuwa kiti cha pembeni.

Mtangazaji_Mkoani:
Nimewaelewa. Nafungua na Mehta 1981, kisha Satwant, kisha 2003, namalizia na gharama. Joginder atapata sentensi moja. Kuna niliyemsahau?

Kla_Boda:
Charles Muhangi, ssebo! 1999, Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa Afrika. Ukimruka, simu za studio utazipokea mwenyewe.