Mjadala: Je, dawa ya mitishamba iuzwe bila kipimo kilichoandikwa?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyopo mezani inasema kwamba dawa ya mitishamba isilazimishwe kuandikwa kipimo, kwa kuwa imetumika vizazi na vizazi, na kwamba anayedai kipimo anaidharau elimu ya wazee. Mimi naiheshimu sana elimu hiyo, na ndiyo sababu naipinga hoja hii.

Mganga anayeijua kazi yake hakupi jina la mti peke yake. Hukueleza kama ni gome au mzizi, kama unalowekwa au unachemshwa, unywe kiasi gani, na nani asiuguse kabisa, hasa mama mjamzito. Hicho chote ni kipimo, ila kimehifadhiwa kichwani. Dawa hiyo hiyo ikishasagwa, ikatiwa koponi na kuuzwa kwa mtu asiyemjua mganga, hubaki jina la mti na orodha ndefu ya magonjwa.

Tazameni artemisia. Katika karne ya 4, tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi moja ya mmea huo, auloweke majini, aukamue, kisha anywe maji yake yote. Hakusema uchemshwe. Tu Youyou, mtafiti wa China aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea huo, na ambaye majaribio ya kikosi chake yalikuwa yakifaulu leo na kushindwa kesho, aliposoma maneno hayo alihisi kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa; akaachana na kuchemsha, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 artemisinini, yaani kiini cha mmea huo kinachotibu malaria, ikapatikana ikiwa safi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Neno moja tu la namna ya kuandaa ndilo lililofungua njia! Leo majani hayo yanachemshwa kama chai na kuitwa tiba ya malaria, ilhali Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, kwa sababu kiasi cha artemisinini hutofautiana kati ya mmea na mmea, na dozi pungufu huweza kuzalisha vimelea sugu.

Wengine wamesema humu kwamba cha asili hakidhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, makumi ya wanawake waliotumia mitishamba ya kupunguza unene waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu, ulikuwa umeingia mahali pa mwingine ambao jina lake la Kichina linakaribiana nao. Nao pia ulitoka ardhini.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonigusa, nayo ni kwamba maabara zimezoea kuchukua elimu za watu bila kuwalipa. Ni kweli, na inauma. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kutumia manjano, kile kiungo cha mapishi, kuponya vidonda, kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Lakini hataza hiyo ilifutwa mwaka 1997 kwa sababu India ilipeleka maandishi, yakiwemo ya kale, yaliyoonyesha kwamba tiba hiyo ilijulikana tangu zamani. Kwa hiyo anayewashauri waganga wasiandike kitu anawaacha bila ushahidi siku watakapoibiwa.

Sidai kwamba kila mganga ajenge maabara. Nadai kopo liseme ni mmea gani, sehemu ipi, umeandaliwaje, unywewe kiasi gani na nani asiutumie, na mganga mwenyewe awepo mezani wakati hayo yanapoamuliwa. Anayeona hilo ni dharau, naomba anijibu: mgonjwa aliyeshika kopo usiku, akiwa tayari anameza dawa nyingine za hospitali, na mganga yuko mbali, amwulize nani?