Darasa la sayansi la vitendo chuoni, likizo ya kiangazi: majaribio matatu kwa siku yanawezekana?

Kalamu_ya_Risasi
Wakuu, habari za leo. Idara ya fizikia inaandaa darasa la vitendo kipindi cha likizo ya kiangazi: watoto 24, miaka 9 hadi 12, siku tano, saa mbili kila siku. Tuna maabara ya mwaka wa kwanza na wasaidizi watatu, wote wanafunzi wa shahada. Ratiba ya sasa ina majaribio matatu kwa siku, yakiwemo mota ya umeme, DNA ya matunda na saketi za LED. Je, ratiba inabana? Vipimo hasa vya mota na DNA ni vipi? Na ni mambo gani husahaulika?

KoiliMoja
Matatu futa, mkuu. Moja kwa siku linatosha, na litameza dakika 90 bila wewe kujua: kumi za kuonyesha kinachotakiwa, arobaini za kujenga, arobaini za kutafuta kwa nini hakifanyi kazi. Watu wengi hukata hizo za mwisho ili waingize jaribio jingine, na hapo ndipo mtoto anaondoka na kifaa kilichokufa mkononi. Kwenye kutafuta kosa ndiko anakojifunza, kwa hiyo zipangie muda.

Mota, kwa kila mtoto (si kila kundi):
- betri moja kubwa ya 1.5 V, ile nene ya tochi
- sumaku moja bapa ya kawaida, nyeusi, kipenyo kama sm 2
- klipu mbili za karatasi za chuma tupu, zisizovikwa plastiki
- rababendi moja pana
- waya wa shaba wenye vanishi, ule wa kusukia mota, unene mm 0.5, urefu sm 70
- kipande cha msasa laini

Waya unazungushwa mara kumi kwenye betri ndogo ya AA au kalamu nene, ncha mbili zinaachwa sm 4 hadi 5 kila upande zikitazamana. Kila ncha izungushwe mara mbili juu ya koili ili isifumuke. Klipu zinakunjwa ziwe vishikio vyenye tundu, zinabanwa na rababendi kwenye ncha mbili za betri, sumaku inakaa ubavuni mwa betri chini ya koili. Watoto 24 kwa sm 70 ni karibu mita 17. Agiza 30, maana waya hukatika na wengine husuka upya.

Sasa pa kuangalia kwa makini. Ncha moja inakwanguliwa vanishi pande zote. Ya pili inakwanguliwa nusu tu: simamisha koili wima, laza ncha ukingoni mwa meza, piga msasa upande wa juu peke yake. Umeme unapita nusu mzunguko na kukatika nusu nyingine, koili ikijimalizia kwa kasi yake. Ukikwangua ncha zote mbili kabisa, nusu mzunguko inasukumwa mbele, nusu inayofuata inavutwa nyuma, na unabaki na koili inayotetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Betri za kuchaji usitumie. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo, mkondo unakuwa mkubwa, na koili ikisimama waya unachoma vidole. Sumaku ndogo zenye nguvu nyingi za neodimi nazo ziache: mtoto akimeza mbili zinaweza kubana utumbo katikati yake. (Faraday mwaka 1821 alizungusha waya wake ndani ya zebaki. Hilo tumwachie mwenyewe.)

Mchujaji
Naongezea DNA. Mchanganyiko wa msingi: maji ml 270, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ml 30, chumvi gramu 5. Hiyo ni ml 300, sawa na jozi kumi kwa ml 30. Wewe una jozi 12, kwa hiyo tengeneza mara moja na nusu. Koroga taratibu, povu likijaa hutaona kitu.

Kila jozi: stroberi mbili zilizoiva ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, saga kwa vidole dakika mbili, mimina ml 30, saga tena dakika moja bila fujo. Chuja kwa shashi. Chukua ml 5 za maji yaliyochujwa kwenye testityubu, kisha teremsha ml 10 za ethanoli ya 95% iliyopoa sana, ikitambaa ubavuni mwa tyubu. Usitikise. Ndani ya dakika mbili tatu utaona nyuzi nyeupe kama kamasi kwenye mpaka wa tabaka mbili. Zisokote kwa kijiti.

Sabuni inavunja utando wa seli kwa sababu utando huo ni mafuta. Chumvi inapunguza msukumano wa chaji hasi za DNA, ndiyo maana inagandana inapokutana na alkoholi. Stroberi ni chaguo zuri kwa vile kila seli yake ina seti nane za kromosomu.

Kosa kubwa ni alkoholi ya 70%: ina maji mengi na nyuzi hutoka chache au hazionekani. Ipoze kwenye ndoo ya barafu, usiiweke kwenye friji ya nyumbani, cheche za swichi yake zinaweza kuwasha mvuke. Siku hiyo moto wowote usiwepo chumbani.

Ufunguo_wa_Akiba
Yanayosahaulika ni ya jengo. Likizo milango ya kadi na mfumo wa hewa huweza kuwa vimezimwa. Uliza wiki mbili kabla. Gesi ifungwe kwenye valvu kuu, si bomba la mezani tu. Meza za maabara ni za watu wazima, mtoto wa miaka tisa anaishia kuona kidevu chake, kwa hiyo tafuta vigoda imara au hamia chumba chenye meza fupi. Miwani ya kinga iwe saizi ya watoto, ile ya kawaida inateleza puani. Fomu iulize mzio. Kila chumba kiwe na watu wazima wawili, na mtoto akabidhiwe kwa aliyeandikwa kwenye orodha tu, hata kama anamwita mjomba.

LED kwa betri ya 9 V: rezista ya ohm 470 inatoa takriban mA 15 kwa taa nyekundu. Bila rezista taa inamulika mara moja na kwisha.

Kalamu_ya_Risasi
Asanteni sana. Nimebaki na moja kwa siku. Kwenye jaribio la mota, koili inatetemeka tu. Ncha zote zimekwanguliwa mzunguko mzima. Isukwe upya?

KoiliMoja
Hapana. Paka rangi ya kucha nusu ya ncha moja, upande wa chini koili ikiwa wima. Iache ikauke dakika kumi kabla ya kuirudisha kwenye klipu, la sivyo rangi itahamia kwenye chuma na klipu nayo haitapitisha umeme. Ikiendelea kugoma, sukuma kidogo kwa kidole, kisha ijaribu upande wa pili. Wakati mwingine inapenda kuzunguka upande mmoja tu.