Leseni ya daraja E ipo, kila yadi wanataka "uzoefu wa miaka mitatu": tupeane uzoefu wa kuanza gari kubwa

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila mwaka vijana wanamaliza kozi ya magari makubwa NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au chuo cha ufundi VETA Kihonda, wanapata daraja E, yaani leseni ya magari makubwa, halafu wanazunguka yadi za malori za Tabata, Vingunguti na Kurasini viatu vinaisha soli. Getini jibu ni lile lile: lete uzoefu. Wataupata wapi kama hakuna anayewapa usukani? Naomba wachangie wanaoijua kazi: madereva, mafundi, wasimamizi wa magari. Tuweke mambo ya kufanyia kazi. "Vumilia tu" kila mtu ameshaisikia.

Msimamizi wa magari

Tuanze na hofu ya tajiri. Anakabidhi kichwa (gari la mbele lenye injini), tela linalovutwa nyuma, mzigo wa mtu mwingine na dizeli ya mamia ya lita kwa mtu asiyemjua. Akisema "uzoefu" anauliza mambo matatu: gari litarudi zima, mafuta yatakwenda kwenye injini, mzigo utafika na sili yake (kifungo cha mlango) haijakatwa?

Faili lako lijibu hayo. Leseni, cheti cha chuo, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, hati ya polisi ya alama za vidole. Anayetaka njia ya Zambia na Congo aongeze pasipoti na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo watu wanaiacha mpaka siku ya safari. Gari likishapakia, msimamizi hasubiri mtu akachanjwe, anapiga namba inayofuata.

Wadhamini wawili ndio wanaokwamisha wengi. Tafuta watu wenye makazi yanayojulikana, waambie mapema kwamba watapigiwa, na hakikisha simu zao zinapatikana. Mdhamini akijibu "huyo nani tena?" faili limeshafungwa.

Dereva wa njia ya Tunduma

Mkuu kamaliza upande wa makaratasi. Mimi naweka pa kuanzia.

Usikimbilie semi (kichwa na tela) ya njia ndefu. Kuna Fuso, kuna tipa za mchanga na kokoto (machimbo ya Lugoba yana magari mengi), kuna maboza ya maji, kuna kazi za kuhamisha makontena kati ya bandari na bandari kavu. Huko madereva wanabadilika sana, kwa hiyo nafasi ya deiwaka, kibarua cha kushikia gari la mwingine, inapatikana. Ukishika gari la mtu siku nne akiwa anaumwa, omba msimamizi akuandikie karatasi: aina ya gari, tarehe, mzigo. Karatasi ya siku nne ni uzoefu wenye namba ya simu ya kuuliza.

Misimu nayo inafungua milango. Korosho za Kusini kuanzia Oktoba, miwa ya Kilombero katikati ya mwaka. Fika wiki mbili kabla, magari yakiwa bado gereji na tajiri anahesabu madereva aliobaki nao.

Utingo, yaani msaidizi wa dereva, pia ni njia, ila chagua dereva anayefundisha. Mwaka mzima wa kufunga turubai tu haukupi usukani. Patana naye tangu mwanzo: gari likiwa tupu ndani ya yadi, wewe ndiye unayelipanga.

Mkufunzi wa udereva

Jaribio la yadini ndiko wengi wanakoangukia, na mara nyingi gari halijatembea hata mita kumi. Unaonyeshwa kichwa kule, tela huku, unaambiwa "funga." Anayekutazama anahesabu hatua zako.

Kabla ya kurudi nyuma, shuka. Angalia matairi ya tela yamewekewa vizuizi, kisha linganisha urefu: sahani ya tela (bamba la chini lenye pini ya kuvutia) iwe chini kidogo kuliko ya kichwa (yenye meno ya kuishika pini), ili kichwa kikiingia kiinyanyue. Tela likiwa juu mno, pini inapita juu ya meno. Utasikia mlio udhani imefunga, kumbe imekalia tu, na kona ya kwanza tela linabaki barabarani. Rudi polepole, umenyooka. Ukisikia imefunga, tia gia ya chini uvute mbele kidogo huku breki za tela zimeshika: kichwa kinatakiwa kigome. Zima, shuka na tochi, ingia chini, uone kwa macho meno yameshika shingo ya pini na sahani mbili zimelaliana bila mwanga kupita katikati. Ndipo unaunganisha mipira ya upepo na waya wa taa, na miguu ya tela inapanda mwisho. Ukipandisha miguu kabla ya kuvuta na kuchungulia, aliyesimama pembeni hahitaji kuona zaidi.

Kurudi nyuma: shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto, tela linaenda kushoto. Likianza kukunja sana, simama, songa mbele, linyooshe, anza tena. Hakuna anayekukata alama kwa kusogea mbele mara tatu. Kushuka kwenda kutazama nyuma ni sifa, wala si aibu.

Fundi wa breki

Naongezea kwenye upepo, maana lazima utaulizwa.

Mpira mwekundu unajaza tangi la tela. Ukikatika, tela linajifunga breki lenyewe. Wa njano unapeleka amri ya mguu wako. Ukiwa na tundu husikii kitu mpaka pedali ikanyagwe, kwa hiyo kagua na mwenzako: mmoja akanyage, mwingine apite na sikio pembeni ya tela. Kisha jaza upepo, zima injini, kanyaga ushikilie dakika moja ukitazama mishale ya geji za upepo. Ikiendelea kushuka, kuna panapovuja. Na kila asubuhi toa maji kwenye matangi ya upepo. Yakikaa yanaozesha vali.

Swali la Kitonga, ule mteremko mkali wa njia ya Iringa, nalo lipo. Gia unaichagua juu kabla ya kuanza kushuka, ile ambayo ungepandia au moja chini yake. Breki ya injini inafanya kazi klachi ikiwa imeachiwa. Ukikanyaga klachi katikati ya mteremko umeitupa. Ukinusa bitana (vitambaa vya breki) zinaungua, tafuta pa kusimama, acha zipoe zenyewe. Ukimwagia maji, ngoma ya breki inapasuka.

Msimamizi wa magari

Swali langu kwa kila mgeni ni la mizani, pale barabarani gari linapopimwa uzito. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, semi ya ekseli (mihimili ya matairi) sita inaruhusiwa uzito huu: ekseli ya usukani tani 8, mbili za kuvuta tani 18, tatu za tela zenye matairi mawili mawili kila upande tani 24. Jumla 50. Nakupa karatasi yenye jumla tani 49, ekseli za kuvuta 20. Wengi wanajibu "limepita." Halijapita, ekseli za kuvuta zimezidi kwa tani 2, mzigo umekaa mbele mno. Anayeomba mzigo usogezwe nyuma kabla ya kufunga turubai amemwokolea tajiri faini, na huyo namchukua hata kama cheti chake bado kinanukia wino.

Mchangiaji, mambo ya mikataba

Ukipata kazi, usipande kwa mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mkataba wa maandishi kwa mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya nchi, kwa hiyo wa njia ya Zambia na Congo dai karatasi. Tajiri akikukata kwa hasara, aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wageni wanakatwa mshahara wote kwa taa iliyovunjika kwa sababu hawajui hili.

Mleta mada

Shukrani wakuu. Kuna kijana ananiuliza: ameambiwa alipe "hela ya fomu" kwanza ndipo apangiwe gari.

Dereva wa njia ya Tunduma

Asilipe. Aombe kuonyeshwa gari lenyewe na namba zake, aongee na utingo wake. Kama hakuna gari la kuonyesha, hakuna kazi.