Hivi huyu dada wa Australia anayecheza mpira wa yai, ile ni kazi kweli?

MjombaMikindani:
Wakuu habari za asubuhi, huku Mtwara joto ndio limeshika. Sasa iko hivi, nina mpwa wangu wa kike ana miaka 17 anakipiga balaa, kiungo, na kuna timu ya Dar inamtaka akafanye majaribio. Bibi yake hataki hata kusikia, anasema mwali ameshachezwa unyago wake vizuri halafu leo akakimbie na bukta mbele za watu. Na kwetu mnajua, mjomba ndio mwenye kauli, kwa hiyo zigo lote liko kwangu. Juzi binti kanifuata na simu ananionyesha klipu za dada mmoja anaitwa Ally Anderson, ana asili ya Waaborijini, wale wenyeji wa Australia, yuko Brisbane Lions anacheza ule mpira wao wa yai. Ananiambia mjomba ona, huyu ndio kazi yake. Naulizeni nyie mnaofuatilia, wanaishi kwa hiyo hela au ni picha za mitandaoni tu?

Kangomba_Mstaafu:
Mjomba shikamoo. Ligi yao ya wanawake ilianza 2017 na timu 8, leo ziko 18. Ule mwaka wa kwanza wachezaji wengi walisaini dola 8,500 za kwao msimu mzima, wale mastaa wachache ndio 27,000, na Australia maisha yalivyo ghali ilikuwa lazima uwe na kazi nyingine, Daisy Pearce kapteni wa Melbourne kabisa alikuwa mkunga. Yaani kama sisi na korosho tu, mnada ukiisha unarudi kukopa dukani. 2022 kima cha chini kikapanda mpaka 39,184, na makubaliano ya 2023 yakaleta mikataba ya mwaka mzima, wastani ukaenda kwenye 60,000. Kwa hiyo sasa hivi ni kazi. Ila huyo Anderson yupo Brisbane tangu hiyo 2017, ile miaka ya njaa ameila yote

dada_wa_Ruangwa:
Na ni kiungo kama mpwa wako 😀 2022 alichukua uchezaji bora wa ligi nzima, na kule kura wanapiga waamuzi wenyewe sio mashabiki. Ubingwa anao wa 2021 na 2023. Raha ya ule mpira unaudaka, unaupiga teke, lakini kuurusha kwa mkono marufuku, unampasia mwenzio kwa kuupiga ngumi. Goli pointi 6, ukikosea ukapita pembeni kidogo unapewa 1 ya pole.

Ila mjomba mwangalie na Danielle Ponter, naye wa asili hukohuko, mtoto wa Darwin akaenda kucheza Adelaide, hiyo ni kama kilomita 3,000 kwa barabara, sisi Dar tu tunalia. Mimi nimecheza mpira hapa Lindi miaka minne, goti likaenda, mwenye timu akanipa pole na nauli ya bodaboda nikaishia hapo. Na hao wa Australia magoti yanawakatika sana tu, tofauti yao kuna daktari wa timu anakusubiri. Bukta achana nayo shangazi zake watamaliza na bibi. Wewe ulizia atalala wapi na goti nani analipa.

Newala_Juu:
Huo mpira nimeangalia dakika kumi sijaelewa hata nani anashambulia wapi. Ila mjomba mwache amalize form four kwanza bwana

MjombaMikindani:
Marahaba Kangomba, na dada wa Ruangwa asante sana, la goti kusema ukweli sikuwa nimeliwaza kabisa, mimi akili yote ilikuwa kwenye bukta. Form four anamaliza mwaka huu. Nimewapigia wale wa timu leo mchana, bweni wanasema lipo, shule akitaka kuendelea lipo la kuzungumza, nikauliza matibabu akiumia, jamaa akanyamaza kidogo akasema "hilo tutaongea". Sasa hiyo tutaongea mimi nimeisikia sana kwa wanunuzi wa korosho. Nimemwambia binti tiketi ya basi sikati mpaka waandike. Amenuna, toka saa nane yuko kwa bibi yake, huyohuyo bibi asiyemtaka acheze.