Chai ya Jumamosi kwa Bibi Somoe

Kikundi: Ukoo wa Naliendele

[Alhamisi, saa 1:10 usiku] Zuhura: Assalamu alaikum ndugu zangu. Jumamosi tunakwenda kwa Bibi kufyeka chini ya mikorosho, na watu kumi na sita wamekwisha kuthibitisha. Naomba kila mmoja aandike namna anavyokula mkate wake wa asubuhi, kwa sababu Sikukuu iliyopita tulinunua boflo sita, zikaliwa tatu, na zilizobaki zikaota ukungu kapuni. Anayetaka laini aseme, anayetaka wa kubanikwa aseme, na wa siagi aeleze kama ipakwe mkate ukiwa wa moto au umeshapoa.

[saa 1:55 usiku] Zuhura: Naona watu kumi na wanne wamesoma na hakuna aliyejibu. Muuza mikate anataka hesabu kabla ya adhuhuri ya kesho.

[saa 2:20 usiku] Mjomba Selemani: Waalaikumu salaam. Wangu ubanikwe juu ya mkaa hadi pembe ziwe nyeusi, upakwe siagi papo hapo ili izame, kisha uletwe na chai ya rangi yenye mchaichai. Mkate usiotoa sauti ukiung'ata, kwangu mimi haujaiva.

[saa 2:31 usiku] Issa: Shikamoo Mjomba. Ile rangi ya kahawia na harufu yake nzuri hutokana na sukari na protini za mkate kukutana katika joto kali, jambo ambalo mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Hata hivyo, mwaka 2002 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba vyakula vya wanga vinapokaangwa, kuokwa au kubanikwa kwa moto mkali hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo imesababisha saratani kwa wanyama wa maabara, na kadiri mkate unavyozidi weusi ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka. Nakuomba wako uishie kwenye rangi ya dhahabu.

[saa 2:36 usiku] Mjomba Selemani: Marahaba. Nimekusikia, mwanangu. Pembe tu, basi.

[saa 2:50 usiku] Wifi Rehema: Mimi usinibanikie. Huchovya mkate kwenye chai ya maziwa, nao uliobanikwa huchelewa kulainika.

[saa 2:52 usiku] Hassani: Wifi Rehema aandaliwe kijiko, maana chai yake sisi tuliizoea kama uji.

[saa 2:53 usiku] Mwajuma: Nimecheka hadi mtoto ameamka!

[saa 2:54 usiku] Hassani: Na bakuli pia aletewe.

[saa 3:05 usiku] Zuhura: Tafadhalini, turudi kwenye hesabu. Nina majibu mawili kwa watu kumi na sita. Pia, nani ataleta wavu wa kubanikia?

[saa 3:20 usiku] Shangazi Fatu: Mkate ununuliwe kesho na ulale usiku mmoja, kwa kuwa wa jana umepungua maji na hushika rangi upesi kuliko ule uliotoka tanurini asubuhi hiyo. Ama kuhusu wavu, aulizwe aliyeondoka nao tuliporudi kutoka Ndanda.

[saa 3:24 usiku] Mjomba Selemani: Dada, suala hilo lilimalizwa mbele ya marehemu kaka.

[saa 3:27 usiku] Shangazi Fatu: Maneno ndiyo yaliyomalizwa. Wavu haujarudi mpaka leo.

[saa 3:40 usiku] Zuhura: Shangazi, Mjomba, nawaomba kwa heshima zote tuliache hilo hadi Jumamosi ipite.

[Ijumaa, saa 12:40 asubuhi] Bibi Somoe: Huyu ni Bibi, Mwajuma ananiandikia. Amenisomea yote. Issa amesema kweli kuhusu chakula kilichoungua, na sisi pia tunacho chakula kinachodhuru kisipojuliwa, kwani muhogo mchungu humenywa, hulowekwa na kuanikwa hadi uwe makaka ndipo utwangwe, na anayeruka hatua amewadhuru watu wa nyumba yake. Lakini neno langu si hilo. Sikukuu iliyopita niliamka kabla ya alfajiri nikachemsha ming'oko niliyoletewa na jirani, ambaye aliichimba porini kutwa nzima, nayo ni myembamba kama kidole, ukiifanyia haraka inakatika na kubaki ardhini. Ninyi mkajipanga kwenye mkate. Sinia langu lilirudi jikoni kama lilivyotoka, na kifungu cha chumvi pembeni mwake hakikuwa na alama ya kidole hata kimoja. Siku ile nilinyamaza. Jumamosi mtakula kwanza nilichopika mimi, kisha mwenye mkate wake aule.

[saa 3:15 asubuhi] Hassani: Shikamoo Bibi. Nisamehe. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ile.

[saa 3:18 asubuhi] Wifi Rehema: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

[saa 4:02 asubuhi] Mjomba Selemani: Shikamoo mama. Nitakula ming'oko, na mkate wangu nitaungoja.

[saa 4:30 asubuhi] Zuhura: Shikamoo Bibi, na mimi naomba radhi, kwa sababu niliyeliondoa sinia mezani ili kupata nafasi ya siagi ni mimi, wala sikutazama lilikuwa na nini. Ndugu zangu, napunguza boflo ziwe tatu, zinunuliwe leo kama alivyosema Shangazi. Nitakuja alfajiri kumenya ming'oko pamoja na Bibi, na naomba wawili wanisaidie. Wavu bado sijaupata.

[saa 6:10 mchana] Zuhura: Wawili tu, jamani.

[saa 6:12 mchana] Mwajuma: Mimi nipo.

[saa 11:48 jioni] Kaka Bakari: Assalamu alaikum, nilikuwa safarini kutoka Lindi na simu ilizima. Wangu usipakwe siagi, nitaupaka mwenyewe ukiwa umepoa, kwa sababu napenda kuiona imekaa juu ya mkate. Ming'oko nitakula, ila naomba Bibi aniwekee ile iliyochemshwa na maganda yake, niimenye mwenyewe.

[saa 11:55 jioni] Shangazi Fatu: Bakari, kwako Lindi hakuna wavu?