Kugandisha kodi za nyumba New York: nani atalipia paa linalovuja?

Tangu Zohran Mamdani ashinde uchaguzi wa meya wa New York tarehe 4 Novemba 2025, mazungumzo mengi ya Kiswahili yamekwama kwenye kuzaliwa kwake Kampala, jambo linalofurahisha, lakini halimpunguzii mpangaji wa Bronx hata senti moja ya kodi. Naomba tujadili ahadi iliyombeba: kugandisha kodi za nyumba, yaani kuzuia nyongeza yoyote. Msimamo wangu ni kwamba kugandisha kodi za nyumba ni hatua halali na inatekelezeka, ila ikidumu miaka yote minne ya muhula wake bila mtu kugusa gharama za kuendesha majengo yenyewe, wapangaji walewale waliokusudiwa kulindwa ndio watakaoumia. Wapinzani wake walikuwa na hoja hii mikononi, wakaiacha, wakashika dhaifu kuliko zote.

Kwanza tuelewane juu ya kinachogandishwa. New York ina takriban apatimenti milioni moja ambazo kodi yake inadhibitiwa kisheria, nyingi zikiwa katika majengo yenye nyumba sita au zaidi yaliyojengwa kabla ya 1974. Mkataba unapohuishwa, mwenye jengo hajipangii nyongeza. Kiwango cha juu huwekwa kila mwaka na bodi ya watu tisa wanaoteuliwa na meya, wawili wakiwakilisha wapangaji, wawili wenye majengo na watano umma. Juni 2025, wakati Eric Adams akiwa meya, bodi hiyo iliruhusu nyongeza ya asilimia 3 kwa mkataba wa mwaka mmoja na asilimia 4.5 kwa mkataba wa miaka miwili. Mamdani aliahidi sifuri kwa muhula wake wote. Wanaosema kwamba kodi zote za jiji zitasimama wanakosea, kwa sababu mpangaji wa nyumba ya soko huria hataguswa na uamuzi huo.

Ahadi hii ilipata nguvu kuliko nyingine kwa sababu haihitaji ridhaa ya mtu mwingine mkubwa. Mpango wake wa kujenga apatimenti 200,000 katika miaka kumi kwa dola bilioni 100 unategemea mikopo ambayo jiji haliwezi kuichukua bila idhini ya Albany, makao makuu ya jimbo. Kuongeza kodi ya mapato kwa wanaopata zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka pia kunahitaji bunge la jimbo na saini ya gavana. Kugandisha kodi za nyumba kunahitaji uteuzi wa wajumbe tu, tena si jambo geni, kwani bodi zilizoteuliwa na Bill de Blasio, meya wa zamani, zilisimamisha nyongeza kwa mikataba ya mwaka mmoja katika 2015, 2016 na 2020. Kuiita ahadi hii ndoto, kama wengi walivyoiita wakati wa kampeni, ni kusahau historia ya karibu mno.

Kuna kasoro moja hapo ambayo wafuasi wake hawapendi kuisikia. Bodi inatakiwa kisheria kupima ushahidi, yaani kodi ya majengo ambayo wenye majengo hulipa kwa jiji, mafuta ya kupashia joto, bima, riba, na hali ya wapangaji, kisha iamue. Meya anayetangaza hukumu ya miaka minne kabla ushahidi wa mwaka wa kwanza haujawekwa mezani anawapa wenye majengo sababu ya kwenda mahakamani. Angeweza kuahidi kuteua wajumbe wanaoelewa maisha ya wapangaji na kuishia hapo, ingawa nakiri kwamba sentensi hiyo isingejaza uwanja wa mkutano.

Andrew Cuomo, aliyeshindwa katika kura za mchujo za chama cha Democratic mwezi Juni kisha akarudi kama mgombea binafsi, alichagua kumshambulia Mamdani kwa sababu ya makazi yake. Mamdani, wakati huo mbunge wa jimbo mwenye mshahara wa dola 142,000 kwa mwaka, alikuwa akipanga apatimenti yenye kodi inayodhibitiwa huko Astoria kwa takriban dola 2,300 kwa mwezi. Cuomo akapendekeza sheria kwamba apatimenti ya aina hiyo inapobaki wazi apewe tu mtu ambaye kodi hiyo itameza angalau asilimia 30 ya kipato chake. Tuifuatilie hoja hiyo hadi mwisho wake. Mwenye jengo angelazimika kumkataa mwalimu anayeweza kulipa bila kubabaika, na kumchukua mtu ambaye tangu siku ya kwanza karibu theluthi ya kipato chake inaishia kwenye kodi. Hiyo ni njia ya haraka ya kuzalisha malimbikizo na kesi za kufukuzana. Isitoshe, udhibiti huu haukuwekwa kama ruzuku ya maskini. Uliwekwa kwa sababu ya uhaba, na unaendelea kuwa halali pale tu ambapo nyumba za kupanga zilizo wazi hazizidi asilimia 5. Uchunguzi wa nyumba uliofanywa na jiji mwaka 2023 ulizikuta kwenye asilimia 1.4. Na kama Cuomo alitaka kuwachuja wenye mishahara mikubwa, chujio lilikuwapo: zamani apatimenti yenye kodi ya juu ingeweza kutolewa kwenye udhibiti iwapo kipato cha kaya kilizidi dola 200,000 kwa miaka miwili mfululizo. Lilifutwa na sheria ya Juni 2019. Gavana aliyetia saini alikuwa Cuomo mwenyewe.

Hoja nzito imo ndani ya majengo. Chukua apatimenti ya kodi ya dola 1,500. Asilimia 3 ni dola 45 kwa mwezi, au dola 540 kwa mwaka. Kwa mpangaji anayehesabu nauli na chakula hizo si fedha ndogo. Kwa jengo la apatimenti 40 za namna hiyo, ni dola 21,600 ambazo hazitaingia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili pengo hilo halianzi upya, linaongezeka juu ya lile la kwanza, huku kampuni ya bima ikileta ankara mpya bila kuuliza bodi imeamua nini. Jengo la Manhattan ambalo nusu ya nyumba zake ni za soko huria litafidia upande huu kwa upande ule. Jengo la Bronx ambalo kila mlango wake unadhibitiwa halina pa kufidia. Kitakachoanza kucheleweshwa ni boila, kisha paa, kisha mabomba yanayovujia ukutani.

Angalieni pia kinachotokea mpangaji aliyekaa miongo kadhaa anapoondoka au kufariki. Apatimenti inarudi ikiwa na nyaya za umeme za zamani, rangi yenye madini ya risasi, na jiko lisilokubalika kwa viwango vya leo. Sheria ya 2019 iliweka ukomo wa dola 15,000 kwa miaka 15 katika gharama za ukarabati zinazoweza kuhesabiwa kwenye kodi, na nyongeza yake haifiki dola 90 kwa mwezi. Mwaka 2024 ukomo huo ulilegezwa, hadi dola 50,000 kwa baadhi ya nyumba. Uchunguzi uleule wa 2023 ulikuta zaidi ya apatimenti 26,000 za udhibiti zikiwa tupu na hazipangishwi. Sidai kwamba zote zimefungwa kwa sababu ya hesabu hizi, wala siamini kila mwenye jengo anayelia hasara, maana wengine walinunua kwa bei za kubahatisha, wakitarajia kuwaondoa wapangaji wa zamani, na matarajio yao yalipokufa wakaanza kuomba huruma ya umma. Lakini nyumba tupu katika jiji lenye uhaba kama huu ni aibu, hata kama mwenye nayo hapendwi.

Mnaotaja mfano wa San Francisco, jiji jingine lenye udhibiti wa kodi za nyumba, mtaje yote. Wachumi waliofuatilia upanuzi wa udhibiti wa huko mwaka 1994 walikuta kwamba wapangaji waliolindwa walibaki kwenye nyumba zao zaidi, na pia kwamba wenye majengo walioguswa walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15. Kila upande hunukuu nusu yake.

Kuhusu ujenzi nitasema machache, kwa kuwa hapo tofauti za wagombea zilikuwa ndogo kuliko kelele zao. Desemba 2024 jiji lililegeza kanuni za matumizi ya ardhi, na siku ileile ya uchaguzi wapiga kura walipitisha mapendekezo ya kuharakisha vibali vya nyumba za gharama nafuu. Mamdani alikaa kimya juu ya mapendekezo hayo hadi siku ya kura, ndipo akasema ameyaunga mkono. Sikuupenda ukimya huo. Mtu anayedai kuwa tayari kupambana na matajiri hakupaswa kuwaogopa madiwani waliokuwa wakiyapinga mapendekezo hayo.

Swali langu kwa mnaounga mkono miaka minne kamili linahusu kodi ya majengo. Jiji hutoza majengo ya kupangisha kwa uzito mkubwa kuliko nyumba za familia moja hadi tatu, na mzigo huo hatimaye hulipwa kutoka kwenye kodi ya mpangaji. Mamdani ameahidi kuurekebisha mfumo huo, lakini nao unapitia Albany, na kila dola inayopunguzwa kwa jengo la Bronx itabidi itoke kwa mwenye nyumba binafsi wa Brooklyn au Queens, ambaye naye ana kura. Albany ikikataa, je, bado mtataka sifuri katika mwaka wa tatu na wa nne, au mtakubali bodi itenganishe majengo yaliyojaa udhibiti na yale yenye kipato cha soko huria?