Nani aliyeziua timu za mitaa: vikosi, au sisi wenyewe?

Juzi baada ya Isha palizuka maneno barzani kwetu, Ng'ambo. Kijana mmoja kasema timu za mpira za mitaa zimeuliwa na vikosi, yaani timu za idara maalumu za Serikali ya Zanzibar. KMKM (wa kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KVZ (valantia), Zimamoto, Mafunzo (magereza): mchezaji akenda huko anapata ajira, mshahara kila mwezi na kiinua mgongo uzeeni. Timu ya mtaa itampa nini? Bukta na soda baridi. Barza nzima ikamuunga mkono. Mie nikaaga, lakini maneno yale nikaenda nayo nyumbani.

Sikatai kuwa vikosi vina nguvu. KMKM kachukua Ligi Kuu ya Zanzibar mara 3 mfululizo, 2021, 2022 na 2023, na 2024 ikachukuliwa na JKU. Lakini timu yetu (sitoitaja, wenyewe wataijua) haikuzikwa na KMKM. Mie nnalo daftari lake. Ami yangu alikuwa mshika fedha, na alipofariki nilipewa mkoba wa ukili umejaa makaratasi, jezi 2 zilizopauka na daftari la michango.

Ukilifungua kurasa za miaka ya 80 utacheka. Fundi baiskeli yumo, muuza urojo yumo, mwalimu wa skuli yumo, na kuna bibi mmoja alikuwa hatoi pesa, kila mechi alitoa ndimu na sukari. Hakuna tajiri hata mmoja, lakini kila Ijumaa mstari umejaa. Halafu watu wakaanza kuhama, huyu Fuoni, huyu Tomondo, huyu Mwanakwerekwe, na mistari ikawa myeupe. Hakuna aliyewafuata kuwaambia kuwa timu bado yao. Kiwanja cha mazoezi kikajengwa tukitazama. Kisha tukawa na wenyeviti 2, kila mmoja na katiba yake na mhuri wake, na msimu mmoja fomu za usajili hazikupelekwa kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake amepeleka. Tukashuka daraja bila ya kufungwa. Hapo kikosi kipi kilitujia usiku kutuibia?

Na Mlandege je? Ni timu ya uraiani, si kikosi. Kombe la Mapinduzi la 2023 kamfunga Singida Big Stars 2-1 kwenye fainali, mwaka uliofuata kamfunga Simba 1-0, na msimu wa 2024/25 kachukua Ligi Kuu. Kwa hivyo wanaotaka vikosi vipunguzwe kwenye ligi, mie sipo nao. Leteni hoja.

Mchezaji mstaafu, Wete

Yakhe, mie nimecheza kote kuwili. Timu ya mtaa ilinilea, hilo silikani. Lakini nilipovunjika mguu, mtaa ulizungusha kofia wiki moja, ya pili kila mtu akashika njia yake. Kikosini goti liliponishinda, nilivua njumu nikabaki na kazi, na watoto wamesoma kwa kazi hiyo. Anayetaka vikosi viondoke aniambie kwanza huyo kijana wa Wete atakula nini, maana huku Pemba hata wafadhili wa mpira hawavuki bahari.

Kijana wa Fuoni

Ami, na heshima zako zote, umetuchagulia mfano mmoja tu. Mlandege ni mmoja. Nihesabie wengine. Timu ngapi za uraiani zilizokuwa zikitikisa uwanja wa Amaan leo zipo wapi? Small Simba? Miembeni, waliochukua ubingwa mara 2 mfululizo, 2007 na 2008?

Na kuna jambo umelipita kimya kimya. Kikosi kinaendeshwa kwa fedha za umma. Mama yangu anauza maandazi, analipa kodi, kodi inamlipa beki anayekuja kuifunga timu ya mtaa wake. Sisemi wafukuzwe. Nasema kikosi kikimchukua kijana kutoka timu ya mtaa, kilipe. Sasa hivi anachukuliwa kwa barua ya ajira na timu iliyomlea miaka 6 haipati hata mipira 2. Hapo daftari la ami yako lingejaa vipi?

Babu wa Kikwajuni

Nyote mnazungumza kama vikosi vimekuja jana. KMKM alichukua Ligi ya Muungano, ile ya timu za Bara na Visiwani, na Malindi, timu ya watu wa mji, naye aliichukua. Zilikuwa zikipishana. Sisi tuliotazama mpira Mnazi Mmoja kabla Amaan haijafunguliwa 1970 tunajua uwanja ulikuwa ukijaa kwa sababu mtu anakwenda kumtazama mtoto wa jirani.

Leo mjukuu wangu analia Yanga akifungwa, hali hata kula. Nimemuuliza timu ya mtaa wake inavaa rangi gani, kanitolea macho. Lakini ndondo, yale mashindano ya mtaani ya Yamle Yamle, zikianza, hapana pa kukanyaga! Kwa hivyo mpira wa mtaani watu wanaupenda. Wanachokikimbia ni daftari. Kwenye ndondo hakuna mkutano wala mchango wa mwaka, unacheza, unashangiria, unakwenda zako.

Mwenye mada

Babu, hilo la ndondo sikuwa nimelifikiri, na linanipa nguvu. Ndugu yangu wa Wete, kofia ile ya wiki moja imenichoma, kwa sababu na sisi tulifanya vile vile kwa golikipa wetu.

Kijana wa Fuoni, kwenye malipo umenishinda. Nakubali, kikosi kilipe, na iandikwe kwenye kanuni za usajili isiwe hisani ya mkubwa fulani. Ila nakuuliza: pesa hizo zikifika mtaani kwetu, atapewa mwenyekiti yupi? Wa mhuri mwekundu au wa mhuri wa buluu?

Kesho kutwa baada ya Alasiri nitalitoa daftari pale barzani, kila mtu atafute jina la mzee wake. Nimeshalitazama la ami yangu. Ukurasa wa mwisho yumo, na mbele ya jina lake kajiandikia mwenyewe kwa mkono wake: anadaiwa wiki 4.